Siku 104 za watoto nyumbani: Moshi, Machi hadi Juni 2020 (Sehemu ya 3)

Mnaonyonyesha usiku huu someni polepole, leo ni ndefu.

Sehemu ya kwanza tuliongelea ndui, ya pili surua. Wengi mkaniomba niandike na ya corona kabla hatujaisahau. Na kweli tunaisahau. Mtoto niliyempokea wodini mwaka 2020, nimevaa barakoa mbili na miwani imejaa ukungu, leo anajua kuandika jina lake. Ukimsimulia corona anakuangalia kama unamsimulia vita ya Kagera.

Habari za mitungi ya oksijeni zina sehemu yake, sitazigusa leo. Leo nataka kuandika vitu vilivyotuchekesha. Msinielewe vibaya. Kuna watu wanaosema Watanzania hatukuogopa kabisa, tulipiga maisha kama kawaida. Wengine, hasa walio nje ya nchi, wanasema tulicheka kwa sababu hatukuelewa kinachoendelea. Mimi nilikuwa hapa Moshi, nikitoka zamu napanda daladala na ninyi. Niliona watu wanaogopa asubuhi na kucheka jioni ya siku hiyo hiyo, na waliijua hatari vizuri tu.

Tuanze na tarehe, maana bila tarehe historia inageuka porojo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga la dunia tarehe 11 Machi 2020. Siku tano baadaye, Jumatatu tarehe 16 Machi, Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini: mama Mtanzania wa miaka 46 aliyetoka Ubelgiji na kutua KIA jana yake. KIA, jamani! Wengine waliposikia "kesi ya kwanza ni Arusha" walishusha pumzi, lakini sisi wa Moshi tunajua uwanja ule uko wilaya ya Hai, ndugu zetu ndio wanaobeba mizigo pale na kuendesha teksi. Usiku ule simu za Bomang'ombe hazikulala. (Yule mama alipona, Mungu ni mwema.)

Kesho yake, tarehe 17, Waziri Mkuu Majaliwa akatangaza kufunga shule zote kuanzia chekechea mpaka kidato cha sita, kwa siku 30, na kuzuia mikusanyiko. Siku 30 zikaongezwa. Shule zilikuja kufunguliwa Jumatatu tarehe 29 Juni. Hesabu mwenyewe: siku 104.

Kwa mama wa Pasua au Njoro mwenye watoto wanne, chumba na sebule, masika yameanza na mvua hainyamazi, siku 104 ni karne. Nyumba za ibada ziliachwa wazi, masoko yaliendelea, hatukufungiwa ndani kama wenzetu wa Rwanda na Uganda. Kwa hiyo mama alitakiwa aende Mbuyuni kuuza nyanya zake kama siku zote, lakini watoto wako nyumbani, na kichwani ana hofu ambayo haina umbo. Hofu ya malaria unaijua, unajua inaanzaje na unajua dawa yake. Hii hakuna aliyeijua, hata sisi wenye sare nyeupe.

Kitu cha kwanza kutuletea kicheko kilikuwa salamu. Tarehe 3 Machi, hata kabla ya mgonjwa wa kwanza, Rais Magufuli alikutana na Maalim Seif pale Ikulu Dar es Salaam, na badala ya kushikana mikono wakagusanisha miguu. Picha ile ilifika kila simu. Mpaka mwisho wa mwezi, watoto wa mtaani kwangu walikuwa na salamu za miguu za aina saba, nyingine zinahitaji kuruka. Kwa mila zetu hili si jambo dogo. Sisi huku mtoto anainama, mkubwa anamwekea mkono kichwani, mikono inashikwa na haiachiwi mpaka habari za ng'ombe ziishe. Bibi wa Kibosho ukimnyima mkono anajua umemkosea heshima au mna kesi. Watoto ndio walioleta suluhu. Walimfundisha bibi kupiga mguu, bibi akacheka mpaka akashika mlango, na heshima ikabaki pale pale. Tulikuwa tumebandika mabango ya wizara kila ukuta na wazee walikuwa bado wananyoosha mkono. Mguu wa mjukuu ulifanya kazi ambayo bango halikuiweza.

Halafu vibuyu chirizi. Mnakumbuka? Dumu la lita tano limetobolewa, limening'inizwa kwenye miti miwili yenye panda, kamba inashuka mpaka kwenye kijiti cha kukanyaga, sabuni imefungwa kwenye neti pembeni. Kibuyu chirizi hakikuanza na corona. Maafisa afya walikuwa wanakifundisha mashuleni miaka mingi kwa ajili ya kuhara na kipindupindu, na tulikuwa tunawapuuza. Mwaka 2020 kikawa mchezo. Watoto waliokosa shule walishindana nani ana kinachomwaga vizuri, nani ameweka majani ya mgomba chini pasiwe na tope. Nilipita Rau jioni moja nikakuta vitatu kwenye uzio mmoja, kila mtoto na chake, na hakuna anayeruhusiwa kunawa kwenye cha mwenzake bila kuomba.

Hapa niseme kidogo kama nesi. Kirusi kile kimefunikwa na utando wa mafuta. Sabuni inavunja mafuta, kama inavyovunja mafuta kwenye sufuria ya nyama, na kirusi kinasambaratika. Lakini inahitaji muda, sekunde 20 hivi. Mtu mzima ukimwambia sekunde 20 anaosha kwa nne. Mtoto anayependa dumu lake anaosha kwa dakika mbili na anaomba tena. Sasa niambie, kati ya hofu na mchezo, kipi kilisafisha mikono ya familia ile? Mimi nilishaona hofu inavyochoka. Wiki ya kwanza kila mtu ananawa kwa kutetemeka, wiki ya sita ndoo mlangoni imekauka na bomba lake limeota buibui. Kwenye nyumba zenye watoto na dumu la kamba, maji yalikuwepo mpaka Juni.

Wenye televisheni walipata masomo kwa vipindi, na redio nazo zilifundisha. Sitasema yalitosha, hayakutosha, na mtoto wa Uru ambaye nyumbani hakuna umeme hakuyaona kabisa. Ila wadogo walikuwa na Akili. Wale wasiomjua, Akili ni katuni ya kwetu, ya Ubongo wa Dar es Salaam, mtoto wa miaka minne anayeishi chini ya mlima Kilimanjaro, na akilala anaingia Lala Land kujifunza na wanyama rafiki zake. Mtoto mmoja wa jirani aliamini Akili anakaa Marangu na alitaka apelekwe kumsalimia. Aliambiwa corona ikiisha. Miezi mitatu kila asubuhi aliuliza kama imeisha. Mama yake alikuwa anajibu "bado kidogo" kwa sauti ya furaha, halafu anageuka kuendelea kupiga deki. Mimi naiheshimu sauti ile. Sisi wauguzi tunajua gharama yake.

Umeme ukikatika, na masika ulikatika sana, hadithi zilirudi. Watoto wengi wa mjini walisikia kwa mara ya kwanza jinsi Mawenzi alivyokuwa anakwenda kila mara kwa Kibo kuomba moto, mpaka Kibo akachoka akampiga na mchi, ndiyo maana mpaka leo Kibo ana kichwa cha mviringo na Mawenzi amechongoka. Nimecheka niliposikia mtoto akiuliza, "Sasa kwa nini Kibo hakumwekea moto pale mlangoni, akae mbali mita moja?"

Baba nao. Hii ni sehemu ambayo historia ya mkoa wetu ni tofauti na mikoa mingine, na sijaona ikiandikwa vya kutosha. Mlima wetu unalisha maelfu ya nyumba: waongozaji, wapishi, na wapagazi, wale tunaowaita wagumu. Ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa katikati ya Aprili na anga likafunguliwa tena tarehe 18 Mei, lakini anga kufunguliwa ni kitu kimoja na wageni kuja ni kingine. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020 walikuwa kama laki sita na elfu ishirini. Kwa kawaida Aprili na Mei mlima hupumzika kwa sababu ya mvua, watu wanavumilia wakijua Juni kazi inarudi. Juni ile ikafika, mageti yako kimya.

Msiniambie hiyo ilikuwa likizo. Niliona wanaume wenye vifua vya kubeba kilo 20 mpaka kambi ya juu wakiomba kukopeshwa unga wa kilo moja. Ugomvi ndani ya nyumba uliongezeka, na sisi wa dirisha la majeruhi tuliupokea. Lakini nitakuwa mwongo nikiacha upande wa pili. Mwongozaji mmoja wa Machame aliniambia ana watoto watatu na hajawahi kuona hata mmoja akijifunza kutembea, kila mara alikuwa mlimani. Wa nne alimwona. Hatua ya kwanza, mbele ya jiko, Mei 2020. Aliniambia siku ile hakuwa na shilingi mfukoni na hajawahi kuwa tajiri namna ile. Wengine walirudi kihambani wakasafisha mfongo uliokuwa umeziba tangu marehemu babu, wakawaonyesha watoto jinsi maji yanavyogawanywa kwa zamu. Watoto waliokulia Majengo walijifunza kupalilia migomba na kuitofautisha kwa majina. Mlo wa jioni ulikuwa ndizi na maharage, kesho ndizi na maharage, lakini baba yupo mezani.

Sasa wodi ya wazazi, ambako ndiko kwangu.

Mchagga akijifungua hakai peke yake. Kuna mtori, kuna maziwa, kuna shangazi anayekuja kukagua mtoto anafanana na nani. Mwaka ule hospitali nyingi zilipunguza wageni wodini. Mama anajifungua, nje ya geti kuna bibi na chupa ya mtori hajui afanyeje. Niliwaona wamama wakilia, si kwa uchungu wa kuzaa. Ikabidi watu wabuni. Chupa inaachwa getini na jina limeandikwa kwenye plasta. Bibi anasimama ng'ambo ya barabara, mama anamnyanyua mtoto dirishani, bibi anapiga vigelegele pale pale barabarani na bodaboda wanasimama. Siku nyingine madirisha matatu yalikuwa na watoto watatu, na vigelegele vya ng'ambo vikachanganyika mpaka hakuna aliyejua ni vya nani. Sisi wenyewe tuliandika majina yetu kwenye plasta tukabandika kifuani, maana chini ya barakoa wote tulifanana na wagonjwa walikuwa wanaogopa macho wasiyoyajua. Mmoja wetu akaanza kuchora tabasamu chini ya jina. Wagonjwa wakawa wanatuita kwa michoro: "Naomba yule sista wa ua."

Na mwaka ule, kama mlikuwa hamjui, ulikuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wauguzi na Wakunga, kwa sababu Florence Nightingale alizaliwa tarehe 12 Mei 1820. Miaka 200 kamili. Tulikuwa tumepanga mambo makubwa! Ikaishia keki moja ya unga iliyookwa kwenye mkaa, tukaila kwa zamu kwenye chumba cha chai, wawili wawili.

Kilichoniumiza zaidi ni kliniki. Wamama waliogopa kuja. Chanjo ya surua na rubela inatolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, na surua haijui kama kuna corona. Mliosoma sehemu ya pili mnakumbuka inavyoua. Siku nyingine benchi la kliniki lilikuwa na wamama watano, mahali ambapo tunazoea hamsini. Kupiga kelele kwenye spika hakukusaidia, kunaongeza hofu tu. Kilichosaidia ninachokijua mimi ni wamama wenyewe. Walianza kuitana wawili wawili, wanaokaa jirani, wanakuja pamoja kwa miguu wamevaa barakoa za kitenge kimoja kama sare ya harusi. Mafundi cherehani wa mjini walikuwa wanashona barakoa kutoka vipande vilivyobaki, kwa hiyo unakuta mama na mtoto wa mgongoni, barakoa na mbeleko, kitambaa kimoja. Walipendeza, walijua wamependeza, wakapiga picha mbele ya mizani. Jirani akiona picha naye anataka kuja. Sidai kwamba kitenge kilikomesha surua. Ninasema niliona kadi zikijazwa ambazo nilikuwa na wasiwasi zitabaki wazi.

Ila kuna furaha nyingine sikuipenda, na kwa kuwa hii ni historia niiseme. Nyungu. Kuanzia mwishoni mwa Aprili, viongozi walipoitaja hadharani, kujifukiza kulikuwa kama sherehe ya mtaa. Mikaratusi, mchaichai, malimao, blanketi moja, watu watano ndani yake. Kuna utamu wake, nakubali. Bibi zetu walituwekea nyungu tukiwa na mafua na pua ikafunguka. Lakini mvuke hauui kirusi hiki kilichoshaingia mwilini, na watu watano ndani ya blanketi moja wanapumuliana. Na sufuria ya maji yanayochemka sakafuni penye watoto, mama zangu, ni ajali inayosubiri saa yake. Watoto walioungua mwaka ule tuliwafunga bandeji sisi. Mtu akitoka kwenye nyungu akasema "sasa niko salama" akavua barakoa akaenda msibani, hapo furaha imemdanganya. Yule bibi wa vigelegele ng'ambo ya barabara alifurahi kwa sababu alikuwa anaiona hatari na ameipa nafasi yake.

Tofauti hii sikuigundua mimi. Nilifundishwa na sista mmoja mstaafu aliyefanya kazi hapa mkoani miaka ya Ukimwi. Kufikia 1986 kila mkoa wa Tanzania Bara ulikuwa umeshatoa taarifa ya wagonjwa. Dawa hakuna, ARV za bure zilianza kutolewa nchini mwaka 2004. Katikati hapo ni karibu miaka ishirini ya kuzika vijana. Watu walitenga vyombo, walitenga vitanda, ndugu kwa ndugu. Mwaka 1990 Siku ya Ukimwi Duniani ilihusu wanawake na Ukimwi, na ndipo wanawake wa hapa Moshi wakaanzisha KIWAKKUKI, Kikundi cha Wanawake Kilimanjaro Kupambana na Ukimwi. Wakawa wanaelimisha, wanawahudumia wagonjwa majumbani, wanasomesha yatima. Jamani, hili tungelifundisha mashuleni. Wamama, bila dawa yoyote mkononi, walipanda vilima kwenda kwenye nyumba ambazo ndugu wa damu walikuwa wanazikwepa.

Sista yule aliniambia mgonjwa wa nyumbani mara nyingi hakuwa anaomba dawa, alijua haipo. Aliomba asukwe nywele. Aliomba atolewe nje jua la saa nne, aone mlima kabla haujafunikwa na mawingu. Mmoja aliomba redio iwekwe betri mpya asikilize mpira. "Tulikuwa tunakwenda na chana na mafuta ya nazi," aliniambia, "na glavu tukiwa na jeraha la kushughulikia. Chana bila glavu." Yaani wanajua kirusi kinaambukizwa vipi na hakiambukizwi vipi, na ndani ya ujuzi huo wamempa mtu asubuhi nzuri. Kwa hiyo mwaka 2020 wenzangu vijana walipochanganyikiwa, wazee wa wodi hawakuchanganyikiwa sana. Walishapita hapo.

Tarehe 29 Aprili zilitolewa takwimu za taifa, wagonjwa 480 kwa wakati ule, na baada ya siku zile hazikutolewa tena kwa muda mrefu. Mama wa kawaida alibaki na macho yake: nani anakohoa, msiba wa nani, geti la hospitali lina magari mangapi. Idd ilifika karibu na mwisho wa Mei, na watoto wa Bondeni walivaa nguo mpya wakazunguka na sahani za vitumbua zilizofunikwa, wanagonga, wanaweka mlangoni, wanarudi nyuma hatua tatu na kusubiri mlango ufunguliwe. Mama mmoja Mkristo jirani yao alijibu kwa kuweka ndizi mbivu mahali pale pale. Kulikuwa na biashara nzima ya vizingiti mtaani.

Tarehe 1 Juni vyuo na kidato cha sita wakarudi, tarehe 13 ligi ikarudi na kina baba wakapona ghafla, na tarehe 29 watoto wote. Asubuhi ile nilikuwa natoka zamu ya usiku. Barabara imejaa sweta za shule zilizokuwa fupi mikononi, maana miezi mitatu mtoto anakua. Kwenye geti la shule moja ya msingi kulikuwa na foleni ndefu ya kunawa, mwalimu anawahimiza wafanye haraka, kengele imeshagonga. Kuna kijana mdogo alikuwa amekwama mbele ya ndoo. Anaangalia bomba, anaangalia chini, anatafuta kijiti cha kukanyaga.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, sehemu ya 4: Julai 2021, chanjo za kwanza 1,058,400 zinafika nchini, na maswali ya wajawazito tuliyokuwa tunayajibu mpaka saa sita usiku. Kama una kadi ya kliniki ya 2020 iliyobaki na nafasi wazi, usisubiri hiyo sehemu. Njoo nayo kesho, dirisha linafunguliwa saa mbili.